Manahodha Wengi, Sauti Huenda Mrama

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nimeikumbuka methali hii mara nyingi tangu mwezi wa Mei mwaka 2020, na kila niikumbukapo sifikirii jahazi wala bahari. Nafikiria sauti ya mtu mmoja iliyopotea ndani ya kompyuta kwa karibu nusu saa, na sisi tuliokuwa tukiitafuta kila mahali tusiione.

Wasomaji wataniwia radhi nikianza na habari ya nyumbani. Mwezi huo mama mdogo alituaga dunia huko kwetu Taita. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeifunga nchi. Amri ilikuwa kwamba maziko yahudhuriwe na watu 15 tu, na ndege za abiria kutoka nchi za ng'ambo zilikuwa zimesimamishwa tangu mwezi wa Machi. Mwanawe wa kwanza, ambaye mimi humwita kaka, anaishi Marekani. Hakuwa na njia yoyote ya kuja kumzika mamake. Basi tulipatana kwamba aseme neno lake la kwaheri kwa njia ya kompyuta, pale uani, kabla jeneza halijaondoka nyumbani.

Kijana wa jirani alileta kompyuta yake ya kukunja. Tuliiunganisha kwa waya na televisheni kubwa ili wazee waone vizuri, na kando yake tukaweka spika iliyoazimwa kanisani. Tulijaribu kila kitu usiku wa kuamkia siku hiyo, isipokuwa ile televisheni, ambayo ililetwa asubuhi.

Saa ilipowadia tulimwona kaka, amevaa suti nyeusi, karatasi mkononi. Midomo ilicheza lakini sauti haikutoka, hata chembe.

Kijana alitazama ile alama ya spika iliyo pembeni mwa kioo. Ilionyesha 100 kwa 100. Akafungua programu ya mkutano, nayo ikadai kwamba sauti imejaa. Akachomoa waya wa spika, akauchomeka tena. Kimya. Mimi nilimwomba kaka asubiri kidogo. Yeye alitusikia vizuri, sisi ndio tuliokuwa viziwi. Mchungaji alingoja, akatazama saa, akamtazama afisa wa afya aliyesimama langoni. Mwishowe alisema kwa upole kwamba hapana budi twende.

Tulikuja kugundua baadaye kilichotokea. Punde tulipochomeka waya wa televisheni, kompyuta ilijiamulia yenyewe kwamba kuanzia hapo sauti yote ipitie kwenye televisheni, wala haikumwambia mtu. Televisheni nayo tulikuwa tumeifunga sauti ili isituvuruge. Isitoshe, ile programu ya mkutano ilikuwa na mahali pake pa kuchagua spika, na pale haikufuata kompyuta ilivyoambiwa. Kwa hiyo kijana alipotengeneza mahali pamoja, pa pili palibaki vile vile. Ilipotoka ile sauti, uani palikuwa na mimi, yule kijana, na nyanya wawili waliokuwa wameshindwa kutembea hadi kaburini. Kaka alisoma karatasi yake yote. Alipomaliza aliniuliza, "Wazee wamenisikia?"

Nilimjibu kwamba wamemsikia.

Kidude kimoja cha redio

Sitaji kompyuta ile ilikuwa ya kampuni gani, maana haja yangu si kumshtaki mtu. Haja yangu ni kuuliza swali ambalo naona halijaulizwa vya kutosha katika kurasa hizi za utamaduni: imekuwaje jambo jepesi kama kuongeza na kupunguza sauti likageuka kuwa elimu ya kutafutiwa mwalimu?

Wale wenye umri wangu wanaikumbuka redio ya zamani. Enzi za Sauti ya Kenya, kabla ya shirika hilo kugeuzwa kuwa KBC mwaka 1989, redio ya nyumbani ilikuwa na vidude viwili vya kuzungusha. Kimoja kilitafuta stesheni. Cha pili kiliwasha redio kwa mlio wa "ta!", na ukiendelea kukizungusha sauti ikapanda. Basi. Redio ikinyamaza, ulijua kwamba pana sababu tatu tu: kidude kimerudishwa chini, stesheni imepotea, au mawe ya betri yamekwisha. Hilo la tatu dawa yake ilikuwa kuyaanika juani, nasi watoto tukayalinda yasichukuliwe na kuku.

Na usidhani kwamba redio ile ilikuwa ya mchezo. Saa ya matangazo ya vifo nyumba nzima ilinyamaza. Mzee alinyosha mkono, akakizungusha kidude, na jina la marehemu, kijiji chake na siku ya maziko yakasikika hadi jikoni. Hakuna aliyekosa kumzika nduguye kwa sababu sauti ya redio ilikuwa imekwenda kutoka mahali pengine.

Najua kuna watakaosema kwamba mzee huyu amekwisha kuanza kulilia mambo ya kale. La hasha. Redio ilifanya kazi moja, kompyuta yafanya kazi elfu. Redio ilikuwa na spika moja iliyofungwa ndani yake. Kompyuta ya leo yaweza kuwa na spika zake za ndani, hedifoni za waya, hedifoni za Bluetooth, televisheni iliyounganishwa, na kamera ya mezani yenye kipaza sauti chake. Mambo yakiwa mengi, vidude navyo haviwezi kuwa kimoja. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kuvitawanya vidude hivyo katika vyumba saba vya nyumba moja, halafu kumwachia mgeni avitafute gizani.

Safari ya sauti

Hebu msomaji tuifuate sauti kama tunavyoufuata mfereji wa maji, kuanzia chemchemi hadi mferejini kwa bomba.

Sema unatazama video ndani ya kivinjari. Video yenyewe ina kidude chake cha sauti pale chini. Kivinjari nacho chaweza kuunyamazisha ukurasa mmoja huku kurasa nyingine zikiendelea kusema. Kisha kompyuta ina kipimo cha sauti kwa kila programu peke yake. Juu ya hapo kuna kipimo kikuu cha kompyuta nzima. Halafu lipo swali la sauti itokee kifaa gani. Mara nyingi mtengenezaji wa kadi ya sauti naye huleta programu yake ndogo, yenye vidude vyake. Na mwisho wa yote, spika au televisheni yenyewe ina kidude chake cha kushika kwa mkono.

Hivyo ni vituo saba. Kimoja kikifungwa, husikii kitu, hata kama sita vilivyosalia viko wazi kabisa. Na vikifungwa nusu nusu, hesabu yake ni ile ya shule ya msingi: nusu ya nusu ni robo, na nusu ya robo ni thumuni. Ndiyo maana mtu aweza kuona kipimo kikuu kimejaa tele na bado akasikia mnong'ono. Alama ile haikumdanganya. Ilimwambia habari ya kituo kimoja tu, naye akadhani yamwambia habari ya safari nzima.

Kwa kipaza sauti ni vivyo hivyo, na huko pana mlango mmoja zaidi: ruhusa. Tangu mwaka 2018 Windows na kompyuta za Apple zina ukurasa wa faragha ambapo programu hupewa au hunyimwa ruhusa ya kusikia. Ni jambo jema, maana hakuna apendaye kusikilizwa kwa siri. Lakini ukurasa huo haukuwekwa kwenye mambo ya sauti, uliwekwa kwenye mambo ya faragha. Basi mtu atahangaika na kipaza chake siku nzima katika ukurasa wa sauti, na kufuli iko katika chumba kingine.

Jinsi nyumba ilivyojengwa

Mambo haya hayakuja kwa siku moja. Windows ya mwaka 1995 ilimpa mtu alama ya spika ya rangi ya manjano pembeni mwa kioo. Ukiigusa, kidude kimoja. Ukiigusa mara mbili, dirisha lenye vidude kadhaa vimesimama kwa safu. Mwaka 2007 ilipotoka Vista, kila programu ilipata kipimo chake, na watu wengi walifurahi kwa haki. Kisha mwaka 2012, kwa Windows 8, ikaanzishwa nyumba mpya ya mipangilio kando ya ile nyumba ya zamani. Nyumba mpya haikuwa tayari, na ya zamani haikubomolewa. Windows 10 ikaja mwaka 2015 na nyumba zote mbili. Mwaka 2018 ukaongezwa ukurasa mwingine wa kuchagua kila programu itumie spika gani. Hata katika Windows 11 ya mwaka 2021, katika ukurasa mpya wa sauti kuna mlango chini kabisa ambao ukiufungua wakurudisha kwenye lile dirisha la zamani.

Katika dirisha hilo la zamani yamefichika mambo ambayo wengi wangeapa kwamba hayapo. Moja ni kwamba vifaa vya kawaida ni viwili: kimoja cha sauti za jumla, kingine cha mawasiliano. Kwa hiyo muziki waweza kutoka kwenye spika na simu ya video ikatoka kwenye hedifoni zilizo ndani ya mkoba. La pili ni kwamba kompyuta ikihisi umepiga simu, hupunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80 isipokuwa umeiambia isifanye hivyo. Nia ni njema. Lakini mtu ambaye muziki wake umefifia ghafla atajuaje kwamba sababu yake imeandikwa katika ukurasa wa nne wa dirisha ambalo hajawahi kulifungua?

Mtu wa Apple asicheke. Kwake ukurasa wa sauti ni safi, wapendeza macho. Lakini ukitaka kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia katika vifaa fulani, au kuunganisha spika mbili zisikike pamoja, utaambiwa uende kwenye programu nyingine iliyowekwa ndani ya folda ya vifaa vya kazi, yenye jina la watu wa muziki. Ukitaka kubadili kipaza sauti kwa haraka kupitia alama iliyo juu ya kioo, hapana budi ushikilie kitufe cha Option huku ukiigusa, jambo ambalo halijaandikwa popote pale juu ya kioo. Na ukiunganisha televisheni kwa waya, mara nyingi vitufe vya sauti vya kibodi hufa, nawe hubaki ukitafuta rimoti.

Wenzetu wa Linux nao wana hadithi yao. Kwao tabaka la chini la sauti, liitwalo ALSA, liliingizwa katika mfumo mwaka 2003. Juu yake ikajengwa PulseAudio, ambayo Fedora iliianza kuitumia mwaka 2007 na Ubuntu mwaka 2008, na wapo wengi wasiosahau kimya cha miaka ile. Tangu mwaka 2021 Fedora imehamia PipeWire, na wengine wakafuata. Kila tabaka lilikuja kutengeneza ila za lililotangulia. Walakini vidude vya tabaka la chini havikuondoka. Waweza kukuta kipimo cha juu kimejaa, na huko chini kabisa kituo kimoja kimenyamazishwa, nacho huonekana tu kwa anayejua kuandika amri yake.

Hali kadhalika hedifoni za Bluetooth. Kwa miaka mingi, hedifoni moja ilionekana ndani ya kompyuta kama vifaa viwili vyenye majina yanayofanana. Sababu ipo: kuna njia moja ya kusikiliza muziki, iliyo nzuri lakini huenda upande mmoja tu, na njia nyingine ya simu, inayokwenda na kurudi lakini sauti yake huwa nyembamba. Kipaza sauti kikifunguliwa, kompyuta huhamia njia ya pili, na muziki uliokuwa mtamu hugeuka kama wa debe. Mtu huenda dukani kulalamika kwamba ameuziwa hedifoni mbovu. Hedifoni ni nzima. Hakuambiwa tu kwamba amehamishwa njia.

Si ujinga wa mtumiaji

Wapo vijana wa kompyuta ambao ukiwaeleza haya hukujibu kwa tabasamu: mzee, ni kujifunza tu. Nawaheshimu, maana ndio wanaotuokoa. Hata hivyo jibu lao lina kasoro. Mtu akisukuma mlango unaofunguliwa kwa kuvuta, na wa pili akausukuma, na wa mia akausukuma, wakati umefika wa kumwita seremala, si wa kuwafungulia watu mia darasa la milango.

Jambo hili limesemwa na wataalamu wenyewe. Mwaka 1988 Donald Norman wa Marekani alitoa kitabu juu ya saikolojia ya vitu vya kila siku. Humo alieleza habari ya jiko lenye meko manne na vidude vinne vilivyopangwa kwa mstari, mpishi asijue kidude gani ni cha meko lipi. Hoja yake ilikuwa kwamba mpishi akikosea hapo, kosa ni la aliyelichora jiko. Jakob Nielsen naye alipoandika kanuni zake 10 mwaka 1994, ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba mashine imwonyeshe mtu wakati wote ni jambo gani linaloendelea. Sauti ya kompyuta imevunja kanuni hiyo ya kwanza kwa zaidi ya robo karne, na wala hatukukasirika.

Kwa nini basi yamekuwa hivyo? Sioni uovu, naona woga na haraka. Woga ni wa kubomoa cha zamani, maana kuna ofisi na vituo vya redio ambavyo kazi yao yategemea dirisha lile la miaka mingi. Haraka ni ya kuongeza kipya. Kila mwaka huja fundi mwenye jambo jema mkononi, naye huliweka palipo na nafasi. Hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kukaa sebuleni na kuuliza kama mgeni ataiona njia ya msalani. Hapo ndipo chombo kinapopata manahodha saba, kila mmoja hodari, na hakuna ajuaye mwenzake amegeuza usukani kuelekea wapi.

Anayeumia ni nani

Lau hasara ingekuwa ya muziki peke yake, nisingeandika. Lakini tazama maisha yetu yalivyohamia ndani ya kompyuta. Mwaka 2020 mahakama zetu zilisikiliza kesi kwa njia ya video. Watoto walisoma hivyo wakati shule zimefungwa. Wengi huhojiwa kazi hivyo. Mtu asiyesikika mbele ya hakimu au mbele ya wanaomhoji hachukuliwi kama mtu aliyepatwa na ajali. Huchukuliwa kama mtu asiyejiandaa. Aibu humwangukia yeye, na mashine hubaki na heshima zake.

Na wapo wanaoumia zaidi yetu. Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Mojawapo ni NVDA, isiyouzwa, ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni. Kwa mtu kama huyo sauti ndiyo taa. Sasa fikiria kompyuta imejiamulia kupeleka sauti kwenye televisheni iliyozimwa. Mimi nikipatwa na hilo, nina macho, nitapekua kurasa. Yeye amezimiwa taa, na swichi ya kuiwasha imeandikwa ukutani ndani ya giza lile lile. Hata akiwa bingwa wa kompyuta, hapo hana budi kumwita mtu. Sijui kama kuna hoja nzito kuliko hiyo.

Kiswahili peke yake hakitatosha

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa utamaduni, sina budi kugusa lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Windows nayo ilikuja kupata sura ya Kiswahili. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Mtu kufanya kazi kwa lugha yake si jambo dogo.

Lakini tafsiri huandika majina juu ya milango, haihamishi milango. Ukiandika "Sauti" mahali patatu, mtu amepata milango mitatu yenye jina moja, na hiyo ni shida kuliko mwanzo. Tena lugha yetu ina akiba ambayo waandishi wa mipangilio hawajaitumia. Sisi twatofautisha kunyamaza na kunyamazishwa, kuzima na kupunguza, kusema na kusikika. Mashine ambayo ingeandika "Unasema, lakini husikiki" ingekuwa imemwambia mtu kweli yote kwa maneno matatu. Badala yake humwonyesha picha ya kipaza sauti chenye mstari mwekundu, mahali pengine cha kijivu, mahali pengine kisicho na mstari kabisa.

Tunalotaka

Yasemwe wazi basi. Hatutaki kurudishiwa redio ya mawe. Mtangazaji anahitaji kupunguza muziki bila kupunguza sauti yake, na mwanafunzi katika saiba anahitaji kusikia somo bila kusikia mchezo wa jirani. Vipimo vingi vina kazi yake. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na hata hao mafundi nawaambia wasitupe vya zamani ovyo.

Tunachotaka ni mambo manne. Kwanza, ukurasa mmoja wenye safari yote ya sauti kwa mstari, kutoka programu hadi spika, na kituo kilichofungwa kionekane kwa jicho moja. Pili, kompyuta isihamishe sauti kimya kimya. Ikihamisha, iseme, na impe mtu kitufe cha kuirudisha. Tatu, programu ya mkutano ifuate kompyuta ilivyoambiwa, mpaka mwenyewe aseme vingine. Nne, vifaa vipewe majina ya kibinadamu, si herufi na tarakimu za kiwandani.

Mpaka hapo watakaposikia, nawapa wasomaji ushauri niliojifunza kwa machungu. Sauti ikipotea, usirukeruke. Anza mwisho wa mfereji: spika ina umeme, kidude chake kiko juu? Kisha uliza sauti imeelekezwa kifaa gani. Kisha kipimo kikuu, kisha kipimo cha programu, kisha mipangilio iliyo ndani ya programu yenyewe, na mwisho ukurasa au video. Na siku ya jambo kubwa, uchomeke kila waya utakaotumika, kisha ndipo ujaribu. Waya wa asubuhi ndio unaoharibu majaribio ya usiku.

Nikirudi kwa kaka, hatukulizungumza tena jambo lile. Karatasi yake alinitumia baadaye kwa barua, nikaisoma mbele ya wazee siku ya matanga, nao walilia. Lakini kusomewa maneno si kumsikia mwenyewe akiyasema, na mama yake hakuondoka nyumbani kwa sauti ya mwanawe kama tulivyokuwa tumeahidi. Yeye huusoma ukurasa huu kwenye intaneti kila wiki. Kwa hiyo leo atajua kwamba nilimdanganya, nami naomba anisamehe.

Nanyi wasomaji, ni mara ngapi mmesema na msisikike? Tuandikieni.